Betri za Kamera katika Msitu wa Uluguru

Milima ya Uluguru huanza kupanda mara tu mji wa Morogoro unapokwisha. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu, kirefu kuliko vyote katika safu hiyo, hupita mita 2,600. Kati ya ncha hizo mbili mna mashamba ya migomba na mboga, mna mabonde ya mito, na juu kabisa mna msitu wa mvua ambao tangu mwaka 2008 umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Wanyama wengi wa msitu huo ni waoga nao hutembea usiku. Mtafiti aweza kukaa humo mwezi mzima asione zaidi ya nyayo na mavi.

Ndiyo maana wataalamu wa wanyamapori hutumia siku hizi kamera ya mtego, yaani kamera ya dijiti iliyomo katika kisanduku kisichopenya maji, ambayo hufungwa kwenye shina la mti na kuachwa peke yake kwa majuma mengi. Ndani yake mna kihisio kinachotambua joto la mwili wa mnyama apitaye. Mnyama akipita, kamera huamka, hupiga picha kwa mwanga ambao jicho la binadamu aghalabu halioni, kisha hulala tena.

Faida ya chombo hiki imeonekana katika milima ya Udzungwa, jirani ya Uluguru upande wa kusini-magharibi. Huko, mwaka 2003, kamera ya mtego ilimpiga picha minde, mnyama wa jamii ya funo ambaye hakuwa amepata kupigwa picha akiwa porini. Mwaka 2005 Francesco Rovero, mtaalamu kutoka Italia, alipata katika msitu wa Ndundulu picha za sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, ambaye rangi zake hazikulingana na za sengi yeyote aliyejulikana. Mwaka 2008 yeye, Galen Rathbun na wenzao walimtangaza kuwa ni spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis. Mnyama huyo ana uzito wa gramu 700 hivi, naye alikuwa akiishi humo siku zote bila sayansi kuwa na habari zake.

Sasa fikiria kamera iliyoachwa msituni siku 60, nayo ikarudi bila picha hata moja ya funo. Je, funo hakupita? Au betri ilikwisha siku ya kumi? Katika daftari mambo hayo mawili huandikwa kwa namna moja, yaani sufuri, hali yana maana tofauti kabisa. Sufuri ya kwanza ni habari juu ya mnyama. Ya pili ni habari juu ya betri. Mtu akizichanganya, atatangaza kwamba mnyama fulani ametoweka mahali ambapo bado yupo, au atasema mnyama amepungua kumbe kilichopungua ni chaji. Uchaguzi wa betri, basi, si jambo la fundi peke yake. Ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Namba iliyo ubavuni

Kwanza maneno mawili yatenganishwe. Seli ni kipande kimoja chenye ncha chanya na ncha hasi. Betri ni seli kadhaa zilizounganishwa pamoja. Mitaani neno betri hutumika kwa vyote viwili, na wazee wengi husema tu mawe ya redio au mawe ya tochi, wala hakuna ubaya, ila katika hesabu tofauti hiyo ni ya lazima.

Ubavuni mwa seli inayochajika huandikwa namba na herufi mAh, yaani miliampea-saa. Seli ya miliampea-saa 2,000 huweza kutoa mkondo wa miliampea 200 kwa saa 10, au miliampea 20 kwa saa 100. Wanafunzi wengi wakiona kamera yenye seli nne za namna hiyo zilizopangwa mfululizo hudhani jumla ni 8,000. Sivyo. Katika mfululizo mkondo ule ule hupita katika seli zote, kwa hiyo miliampea-saa hubaki 2,000. Kinachojumlishwa ni volti. Ili kulinganisha betri za aina mbalimbali inafaa kutumia nishati, ambayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Seli nne za nikeli, kila moja volti 1.2, hutoa volti 4.8, na 4.8 mara 2.0 ni wati-saa 9.6. Betri ndogo ya lithi ya kamera ya mkononi, yenye volti 7.2 na miliampea-saa 1,000, ina wati-saa 7.2. Namba ya ubavuni ni nusu ya ile nyingine, lakini nishati yake ni robo tatu, na uzito wake haufiki nusu.

Hata hivyo nishati pekee haitoshi kuamua. Kwa kamera ya msituni maswali mawili mengine huwa na uzito zaidi: seli hupoteza chaji kiasi gani ikiwa imekaa tu, na volti yake huanguka kiasi gani inapoombwa mkondo mkubwa kwa ghafla.

Aina zinazopatikana

Seli ya nikeli na kadimi, inayotambulika kwa alama Ni-Cd, ndiyo ya kale miongoni mwa seli ndogo zinazochajika. Iliundwa na Waldemar Jungner wa Uswidi mwaka 1899. Inapendeza kujua kwamba kamera ya kwanza ya dijiti iliyobebeka, aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, iliendeshwa kwa betri 16 za nikeli na kadimi. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kanda ya kaseti. Seli hizi ni ngumu, huvumilia baridi na huvumilia matumizi mabaya. Lakini uwezo wake ni mdogo, aghalabu miliampea-saa 600 hadi 1,000 kwa seli ya ukubwa wa AA, na kadimi ni sumu. Nchini Japani, katika bonde la mto Jinzu mkoani Toyama, kadimi iliyotoka migodini iliingia katika maji na mashamba ya mpunga, na watu wakapata ugonjwa wa mifupa na figo wenye maumivu makali; serikali ya huko ilikiri chanzo chake mwaka 1968. Kwa kamera hakuna tena sababu ya kununua seli hizi.

Iliyochukua nafasi yake ni seli ya nikeli na haidraidi ya metali, yenye alama Ni-MH, ambayo ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Ncha yake chanya ni ile ile ya nikeli. Mahali pa kadimi pamewekwa aloi ya metali inayoweza kunyonya haidrojeni kama sifongo inyonyavyo maji. Wakati wa kuchaji haidrojeni huingia katika aloi. Wakati wa kutumia hutoka na kuachia elektroni. Uwezo wake kwa ukubwa wa AA ni miliampea-saa 1,900 hadi 2,500 na zaidi kidogo.

Ila seli za kwanza za aina hii zilikuwa na kasoro moja kubwa: zilivuja chaji zenyewe. Seli iliyojazwa leo na kuwekwa kabatini huweza kupoteza asilimia 20 hadi 30 katika mwezi mmoja. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa seli iliyorekebishwa, ambayo baada ya mwaka mzima hubaki na zaidi ya robo tatu ya chaji. Kampuni nyingine zikafuata. Seli hizi hutambulika kwa maandishi yanayosema kwamba zimekwisha kuchajiwa kiwandani, na namba yake huwa ndogo, yapata 2,000. Mnunuzi asiyejua huiacha, akachukua ile ya 2,500 iliyo kando yake.

Seli ya ioni za lithi, yenye alama Li-ion, iliingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyoizaa. Ndani yake ioni za lithi huhama kutoka katika oksidi ya metali, mara nyingi yenye kobalti, na kuingia kati ya tabaka za grafiti. Wakati wa kutumia hurudi zilikotoka. Msomaji wa mkoa wa Morogoro hana haja ya kwenda mbali kuiona grafiti hiyo: milima ya Mahenge, wilayani Ulanga, ina akiba yake kubwa. Seli moja hutoa volti 3.6 au 3.7, mara tatu ya seli ya nikeli, na kwa kila gramu hubeba nishati takriban mara mbili. Huvuja chaji kidogo sana, asilimia chache tu kwa mwezi.

Nje ya seli zinazochajika ziko mbili za kutumiwa mara moja ambazo hapana budi kutajwa, kwa kuwa ndizo zishindanazo nazo. Ya alkali hupatikana kila duka. Ya lithi na salfaidi ya chuma, yenye volti 1.5, ni nyepesi, hukaa miaka mingi na haiogopi baridi, lakini bei yake ni kubwa, na ikiisha ni ya kutupwa.

Hesabu ya siku 60

Ichukuliwe kamera yenye seli nne mfululizo, itakayokaa msituni siku 60. Ikiwa imelala hutumia miliampea 0.3. Kila picha ya usiku huhitaji mkondo wa ampea 0.8 kwa sekunde 2. Katika muda huo itapiga picha 1,000, nyingi zikiwa za majani yaliyotikiswa na upepo, kama kawaida.

Kulala: 0.3 mara saa 24 mara siku 60 ni miliampea-saa 432. Picha moja: 0.8 mara 2 ni ampea-sekunde 1.6, ukigawanya kwa 3,600 utapata miliampea-saa 0.44 hivi, na kwa picha 1,000 ni 444. Jumla ya yote ni 876.

Seli ya kawaida ya 2,500, ikivuja asilimia 25 kila mwezi, baada ya miezi miwili ingebaki na 2,500 mara 0.75 mara 0.75, yaani 1,406, hata kama kamera haikupiga picha moja. Imepoteza 1,094 bure, zaidi ya kamera yenyewe ilichokula. Ukitoa 876 hubaki 530. Sasa seli ya 2,000 yenye kuvuja kidogo, tuseme asilimia 3 kwa mwezi: imepoteza 120 tu, ukitoa 876 hubaki 1,004. Seli yenye namba ndogo imemaliza kazi ikiwa na akiba karibu mara mbili ya mwenzake. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana chaji iliyokwisha kutumika haiwezi tena kuvuja, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Yafaa wanafunzi wairudie kwa siku 20, kisha kwa siku 90, waone ni wapi seli ya kawaida inaishiwa kabisa.

Mkondo wa ghafla

Kila seli ina ukinzani wa ndani. Mkondo ukipita, sehemu ya volti hupotelea humo humo kwa kanuni ya Ohm. Seli mpya ya alkali ya ukubwa wa AA ina ukinzani wa omu 0.2 hivi, ya nikeli na haidraidi omu 0.03 hivi. Kamera ikiomba ampea 1, seli nne mpya za alkali hupoteza volti 0.8, na volti 6.0 hushuka hadi 5.2. Si neno. Lakini seli ya alkali inavyotumika volti yake hushuka bila kusimama na ukinzani wake hupanda. Ikifika volti 1.2 na omu 0.4, seli nne zitatoa 4.8 kutoa 1.6, yaani 3.2. Ikiwa kamera hiyo huzimika chini ya volti 4.2, imekwisha kuzimika zamani, ingawa seli bado zina nishati ya kuendesha redio au saa ya ukutani kwa majuma. Seli nne za nikeli zikiombwa ampea hiyo hiyo hutoa 4.8 kutoa 0.12, yaani 4.68, na hubaki karibu na hapo mpaka chaji inapokaribia kwisha.

Ile desturi ya kuanika mawe ya redio juani hupata maelezo yake hapa. Jua halichaji seli ya namna hiyo. Joto huharakisha mwendo wa ioni na kupunguza ukinzani wa ndani, kwa hiyo seli hutoa kile kidogo ilichokuwa imekishikilia. Mlimani mambo huenda kinyume. Joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Ikiwa usiku wa Julai mjini Morogoro ni nyuzi 18, karibu na kilele cha Kimhandu hesabu hiyo huleta nyuzi 5 au 6. Katika baridi hiyo ukinzani wa seli ya alkali huongezeka, na saa za alfajiri, ambazo wanyama wengi hutembea, ndizo saa ambazo kamera huweza kushindwa kuwasha taa yake. Kamera za namna hiyo hupiga picha za mchana tu, na asiyejua huandika kwamba msituni humo hakuna wanyama wa usiku.

Seli za nikeli nazo zina udhaifu wao. Kwa kuwa volti yake haishuki polepole, kipimo cha chaji kilichomo katika kamera, ambacho mara nyingi kimewekwa kwa ajili ya alkali, hudanganya: seli iliyojaa huonyeshwa kuwa nusu, na iliyokaribia kwisha huonyeshwa vile vile. Kamera chache pia hazikubali volti 1.2 kwa seli, jambo la kuulizwa kabla ya kununua. Na katika mfululizo seli moja dhaifu huharibu kazi ya wenzake. Inapokwisha kabla yao, mkondo wa wengine hulazimishwa kupita ndani yake kinyume, ncha zake hugeuka, na seli huharibika. Dawa yake ni rahisi: seli nne zilizonunuliwa pamoja ziandikwe herufi moja kwa wino usiofutika, zichajiwe pamoja na kutumika pamoja hadi mwisho wa maisha yake.

Kwa kamera ya msituni, basi, seli ya nikeli na haidraidi yenye kuvuja kidogo ndiyo inayofaa kwa muda wa mwezi mmoja hadi mitatu. Pale ambapo kamera haiwezi kufikiwa nusu mwaka au zaidi, ile ya lithi ya kutumiwa mara moja hulipa gharama yake.

Kamera ya mkononi ni habari nyingine. Mwalimu anayetaka kupiga picha za miamba njiani kwenda Bunduki, au mpiga picha wa mahafali mjini, hubeba kamera yake, huirudisha jioni na kuichaji usiku. Hapo wepesi ndio wenye thamani, na lithi haina mpinzani. Ubaya wake ni kwamba kila kampuni, na mara nyingi kila toleo la kamera, ina betri ya umbo lake. Toleo likiachwa kutengenezwa, betri halisi huadimika na za kuigiza hujaa madukani. Seli ya AA inaweza kubadilishwa na seli ya AA ya kampuni yoyote. Faida hiyo isidharauliwe na shule.

Kuchaji pia hutofautiana. Seli ya nikeli ya 2,000 yaweza kuchajiwa taratibu kwa miliampea 200 kwa muda wa saa 14 hadi 16; inapojaa hupata vuguvugu, hiyo ikiwa ishara ya kutosha. Seli ya lithi hudai chaja yake yenyewe, inayosimama barabara kwenye volti 4.2 kwa seli. Kuiweka katika chaja ya nikeli ni hatari, kwa sababu kimiminiko kilichomo ndani yake huwaka moto. Isichajiwe pia ikiwa imevimba, wala isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto kali huizeesha upesi kuliko matumizi.

Kupima shuleni

Namba za ubavuni haziaminiki zote. Seli ya nikeli ya AA iliyoandikwa zaidi ya 3,000 ni ya kutiliwa shaka, na seli ya lithi ya umbo la 18650 iliyoandikwa 9,900 haiwezekani, kwa sababu zilizo bora kabisa za ukubwa huo hazifiki hata nusu ya hapo. Kipimo chake kiko ndani ya uwezo wa maabara ya shule. Chaji seli moja ya nikeli mpaka ijae, iache saa moja ipoe, kisha iunganishe na kikinza cha omu 4 cha wati 1. Mkondo utakuwa karibu ampea 0.3. Soma volti kila baada ya dakika 15, na ikate inapofika volti 1.0, si chini ya hapo. Zidisha wastani wa mkondo kwa saa zilizopita. Seli ya kweli ya 2,000 itachukua karibu saa 6 na nusu, kwa hiyo kazi ianze asubuhi. Seli nyingine ya jozi hiyo hiyo ichajiwe siku hiyo hiyo, iwekwe kabatini mwezi mzima, kisha ipimwe vivyo hivyo bila kuchajiwa tena. Tofauti kati ya matokeo mawili ni kiasi kilichovuja, na hiyo ndiyo namba ambayo mtengenezaji haiandiki kwa herufi kubwa.

Kamera inapochukuliwa msituni, jambo la kwanza la kuandikwa ni kama bado ilikuwa macho. Ikiwa imezimika, tarehe ya picha yake ya mwisho ndiyo huchukuliwa kuwa mwisho wa hesabu ya siku, hata kama ilikaa mtini mwezi mwingine. Wengi huiweka ipige picha moja kila siku saa sita mchana, mnyama awepo asiwepo, ili tarehe hiyo ijulikane bila ubishi.

Ukungu mweupe unaoonekana kwenye ncha za seli zilizovuja ni mabaki ya alkali, haidroksidi ya potasiamu, ambayo huchoma ngozi. Tone la maji ya limau kwenye kitambaa hulisafisha, asidi ikiondoa nguvu ya alkali. Kisha pafutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na pakaushwe kabisa.

Seli zilizokufa zisiachwe mlimani. Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, huanzia katika misitu hii. Ngerengere, unaolijaza bwawa la Mindu kwa ajili ya mji wa Morogoro, nao vivyo hivyo. Seli moja ya kadimi iliyotupwa kijitoni hukaa humo ikioza kwa miaka. Zishushwe mjini katika chupa kavu ya plastiki yenye kifuniko, ncha za zile za lithi zikiwa zimezibwa kwa utepe wa umeme ili zisigusane, na zihifadhiwe mbali na joto hadi zikabidhiwe kwa wakusanyaji wa taka za vifaa vya umeme.